Tusiishie Kuhesabu Dagaa

Mwaka jana nilipangiwa fildi kwenye mwalo mmoja wa Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma. Wiki nane, kazi ni ileile: kuamka alfajiri, kusubiri mitumbwi irudi, kupima dagaa na kuandika kwenye kaunta buku. Siku moja mzee mmoja mvuvi alinisogelea. "Kijana, unaandika kila siku. Haya niambie, mwezi ujao tutapata au hatupati?"

Nikamjibu, "Mzee, sisi tunakusanya data tu." Akanitazama, akarudi kwenye nyavu zake.

Swali lile bado linaniuma. Mzee mwenyewe anatabiri. Anajua usiku wa giza taa huvuta dagaa, na mbalamwezi ni wakati wa kushona nyavu. Mimi, mwaka wa tatu sayansi, sikuwa na utabiri hata mmoja.

Wenzangu, sayansi ya kutabiri ikolojia ipo. Mwaka 2003 watafiti walichapisha katika jarida la Nature kwamba maji ya juu ya Tanganyika yamepata joto na upepo umepungua, hivyo maji ya juu na ya chini hayachanganyiki vizuri. Virutubisho vinabaki kilindini, mwani unapungua, na chakula cha dagaa nacho kinapungua. Ukishajua mnyororo huo unaweza kujenga modeli: unaipa joto la maji, upepo na kilichovuliwa, inakupa makisio ya msimu ujao pamoja na kiwango cha shaka. Msimu ukifika unalinganisha, unasahihisha, unatabiri tena. Mamlaka ya Hali ya Hewa hufanya kazi ya namna hiyo kwa mvua.

Faida yake iko sahanini. Mwaka 2024 Tanzania ilisitisha uvuvi ziwani humo kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kwa familia ya mvuvi miezi mitatu si mchezo. Kufunga lini, kwa muda gani, na tutarajie nini tukifungua: hayo ni maswali ya utabiri.

Sasa sisi tunafanya nini? Somo la takwimu tunadesa maswali ya miaka iliyopita, tunafaulu, tunasahau. Programu ya R ni ya bure. Picha za setilaiti za Landsat ni za bure tangu 2008. Tunachokosa ni mazoea tu.

Najua mtaniuliza, "Ajira ziko wapi?" Ni kweli, nafasi katika taasisi za utafiti kama TAFIRI na TAWIRI tunazigombania wengi. Lakini ujuzi huohuo unatakiwa kwenye kilimo, malaria na maji. Na kuna jambo zito zaidi ya mshahara: anayeshika modeli ndiye anayechagua maswali. Tukibaki wapima samaki, wengine watatuulizia maswali yetu, na majibu tutayasoma kwenye majarida yao.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Idara ifundishe takwimu kwa data zetu wenyewe. Kaunta buku za fildi zimejaa kabatini, ziingizwe kwenye kompyuta. Na serikali yetu ya wanafunzi idai chumba cha kompyuta kiwe wazi hadi saa nne usiku, maana si kila mtu bumu lake linatosha laptopu.

Mimi nimeshaanza. Nilichukua wiki zangu sita za kwanza, nikaiambia kompyuta itabiri mbili za mwisho. Ikakosea vibaya sana. Nilikaa siku mbili kutafuta kosa, kumbe kwenye modeli nilikuwa sijaweka mwezi.

Mzee yule angenicheka. Jumamosi hii narudia, mwenye laptopu aje nayo, asiye nayo aje hivyohivyo.