Mkimbizi na Uwezo wa Kujiamulia

Tunduma ni mji wa watu wanaokata shauri. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam na reli ya TAZARA hupita hapo kuingia Zambia. Mtu anayekimbia vita hata akafika mpaka kama huo amekwisha kuamua mambo mazito: aondoke lini, apite njia ipi, amwamini nani. Kwa nini basi mtu huyo huyo, akishakaa miaka mingi katika makao ya dharura, husemwa kuwa ni mvivu apendaye kulishwa?

Sababu haimo katika tabia yake, bali katika makao yenyewe. Hema huokoa maisha katika majuma ya kwanza. Hilo halina ubishi. Lakini dharura ikidumu, wengine ndio waamuao mkimbizi ale nini, alale wapi na apange foleni lini. Mbali na Tunduma, mkoani Kigoma, kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Watoto waliozaliwa humo mwaka huo ni watu wazima sasa. Tena Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 humtaka mkimbizi asitoke katika eneo alilopangiwa bila kibali.

Elimu ya nafsi hutoa maelezo. Mwaka 1967 wataalamu wa Marekani, Martin Seligman na Steven Maier, walionyesha kwamba mbwa waliopigwa na umeme wasioweza kuuzuia hawakujaribu kuuepa baadaye, hata njia ilipokuwa wazi. Ikadhaniwa kwamba mbwa hao walijifunza kukata tamaa. Mwaka 2016 wataalamu hao hao, wakitumia maarifa mapya ya ubongo, waliigeuza fikira hiyo: kunyong'onyea ndilo itikio la asili la kiumbe kwa taabu ndefu, kinachofunzwa ni kutambua kwamba tendo lake laweza kubadili hali.

Binadamu si mbwa, lakini mafunzo ni yale yale: uwezo wa kujiamulia hukua kwa kutumiwa. Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 walipewa mashamba Ulyankulu, Katumba na, baadaye, Mishamo. Ingawa nao walihitaji kibali cha kutoka, walilima, wakavuna na kuuza mazao yao. Mwaka 2010 maombi ya uraia ya watu zaidi ya 162,000 miongoni mwao na wazao wao yalikubaliwa.

Wapo wasemao kwamba ardhi haitoshi na usalama wa taifa hutangulia. Hoja hizo zina uzito. Hata hivyo, kumwachia mkimbizi achague viongozi wake, apande mboga kando ya hema, au aamue mwenyewe anunue chakula gani, hakuhitaji ardhi kubwa wala hakuhatarishi mpaka.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo hutumiwa sana kumhimiza mgeni afanye kazi. Yafaa shuleni ifundishwe pia kama wajibu wa mwenyeji: hawezi kumlaumu mgeni kwa kutolima ikiwa jembe lenyewe amemnyima.