Kabla Hujachomelea, Pima

Kila mwaka, ikifika wiki ya kuwasilisha miradi, ukipita karibu na maabara ya elektroniki utasikia sentensi ile ile: "Jana usiku ilikuwa inafanya kazi." Mwaka jana niliisema mimi, mbele ya wahadhiri watatu, na shati nimelipiga pasi mara mbili.

Mradi wetu ulikuwa kipokezi cha FM chenye prosesa ndogo, kinachojiwasha na kurekodi taarifa ya habari kwa saa uliyokipangia. Kwenye masafa mengi kilinasa vizuri. Ukikipeleka karibu na megahezi 96 unasikia mchakacho tu, kama kitu kinakaangwa. Prosesa yetu ilikuwa inapiga megahezi 48. Mara mbili ya 48 unaijua mwenyewe. Mhadhiri mmoja aliijua pia, akauliza swali moja: "Kapasitansi ya matabaka yenu ya umeme ni kiasi gani?" Mwenzangu akajibu kwa kujiamini: nanofaradi tatu na kidogo. "Mlipima?" Kimya.

Naandika hapa kwa sababu kimya kile si cha kwetu peke yetu. Nimeomba kusoma ripoti za wenzetu kadhaa tangu hapo, na karibu zote zina sentensi moja iliyorithiwa kwamba matabaka ya shaba ya ndani "yanatoa kapasitansi ya kutosha". Inatosha kwa nini? Ni kiasi gani? Hakuna. Hilo ni desa, jamani. Na desa la mtihani likikudanganya unapata sapu, unarudia. Desa la bodi likikudanganya, bumu limeshaondoka na bodi zimeshafika kutoka China.

Kwa msomaji wa sheria au wa biashara ambaye bado yuko nami: bodi yetu ilikuwa na matabaka manne ya shaba. Mawili ya ndani yametandazwa karibu bodi nzima, moja ni la volti 3.3, jingine ni graundi. Bapa mbili za shaba zinatazamana na katikati kuna kihami cha faibaglasi. Hiyo ni kapasita, ile ile ya fizikia ya kidato cha sita. Hesabu yake haina ujanja: eneo zidisha kwa sifa ya kihami, gawa kwa umbali kati ya bapa. Kapasita hii inapendwa kwa sababu ipo chini ya kila chipu, haina miguu wala nyaya, kwa hiyo inaitika haraka pale ambapo kapasita za kununua zinachelewa. Kapasita ya nanofaradi 100 yenye indaktansi ya nanohenri 1 tu, na hicho ni kiwango kizuri, ikivuka megahezi 16 hivi inaanza kuwa koili.

Bodi yetu ilikuwa sentimita 8 kwa 10. Kwa umbali tulichukua milimita 0.1, kwa sababu ndivyo desa lilivyosema. Ikatoka nanofaradi 3.1, ambayo kwenye megahezi 96 ni ukinzani wa kama nusu omu. Tukafurahi sana. Tukafuta kapasita sita kati ya nane, tukabakiza mbili karibu na chipu ya kudhibiti volti, sentimita sita kutoka kwenye prosesa. Bodi ikaonekana safi, hata kwenye picha ilipendeza.

Ile 0.1 ilitoka kwenye bodi za matabaka mengi, ambazo msanifu anayasogeza kwa makusudi tabaka la umeme na la graundi yakaribiane. Bodi ya kawaida ya matabaka manne, yenye unene wa milimita 1.6, imejengwa kinyume chake: kihami chembamba kiko nje, kinene kiko katikati, baina ya yale mawili ya ndani. Kwetu ilikuwa milimita 1.2. Mchoro wa matabaka ulikuwepo kwenye ukurasa wa kiwanda tulikoagiza. Hatukuufungua. Tulikuwa tumetumia jioni nzima kwenye kimbweta tukibishana kama sifa ya kihami tuiweke 4.2 au 4.5, tofauti isiyofika hata asilimia 8, huku umbali tumeukosea mara kumi na mbili.

Ukiweka namba sahihi unapata pikofaradi 260. Kwenye megahezi 96 hiyo ni zaidi ya omu 6, si nusu omu. Siwezi kuapa kwamba huo ndio ulikuwa mchawi pekee. Njia za shaba za prosesa nazo hatukuzipanga kwa adabu. Lakini siku tatu baada ya kuwasilisha tulichomelea kapasita nne kwa mkono, kwenye miguu kabisa ya prosesa, na mchakacho ukapungua hadi taarifa ya habari ikasikika. Alama zilikuwa zimeshaingizwa.

Sasa njoo kwenye kupima, maana hapa ndipo panaponiuma. Oda ya chini ilikuwa bodi tano. Tulichomelea mbili. Tatu zilikaa kabatini tupu kabisa wiki nzima kabla ya kuwasilisha, na bodi tupu ndiyo pekee inayoweza kukujibu swali hili. Ukishaweka vifaa, mita inakusomea kapasita ulizochomelea. Hizo mbili zetu peke yake ni nanofaradi 200, na ya matabaka ni robo ya nanofaradi. Utaitofautishaje hapo?

Watu wanasema maabara haina mita ya kupimia kapasitansi ndogo. Ipo, ila imefungiwa, na mwenye funguo ana ratiba yake (nitarudi hapo). Lakini hata bila hiyo mita, sisi tulifanya hivi: jenereta ya mawimbi ikatoa mawimbi ya mraba ya kilohezi 20, yakapita kwenye rezista ya kilo-omu 10, kisha tundu moja la volti 3.3 kwenye bodi tupu, na graundi ikaunganishwa na graundi. Tukaangalia kwenye osiloskopu volti inachukua muda gani kufika asilimia 63 ya kilele. Kwanza tukajaribu bila bodi: mikrosekunde 0.2, maana probu na nyaya zenyewe zina pikofaradi zake, kama 20 hivi. Probu iwe kwenye kumi, isiwe kwenye moja, la sivyo unajipima mwenyewe. Kisha tukaweka bodi: mikrosekunde 2.5. Toa 0.2, gawa kwa rezista, unapata pikofaradi 230.

Hesabu ilisema 260. Hiyo 30 iliyopotea ina maelezo: shaba haikufika ukingoni mwa bodi, na kila tundu linalopita bila kugusa tabaka linakatiwa duara lake, kwa hiyo eneo halisi ni dogo kuliko urefu mara upana. Zoezi zima lilichukua dakika ishirini, pamoja na kutafuta rezista. Dakika ishirini!

Na kipimo hicho kinafanya kazi nyingine ambayo sijaona ripoti yoyote ikiitaja. Ukiwa na kapasitansi na eneo, unageuza hesabu na kupata umbali. Yaani unajua kama kiwanda kimekujengea matabaka uliyoyaagiza, au wewe mwenyewe ulibofya chaguo lisilo lako. Unalijua siku bodi zinafika, wakati bado kuna muda wa kuongeza kapasita au kubadili mpangilio, si siku ya shati la pasi.

Najua kuna watakaosema kwamba kwa bodi nene ya matabaka manne kapasitansi ya ndani ni ndogo kiasi kwamba haina haja ya kupimwa, weka kapasita kila mguu wa chipu ulale. Nakubali nusu. Ni ndogo kweli, na kuweka kapasita karibu na chipu ni sahihi. Lakini utajuaje kwamba ni ndogo kama hujakadiria wala kupima? Sisi tuliamini ni kubwa, tena kwa namba yenye desimali. Wengine watasema kompyuta inaiga kila kitu siku hizi. Kompyuta ungeipa milimita 0.1 nayo ingekurudishia nanofaradi 3.1, kwa grafu ya rangi.

Kwa hiyo ninaomba mambo, na siyaombi kwa upole sana. Idara iache kupokea ripoti inayotaja kapasitansi ya matabaka bila kuonyesha umbali ulitoka wapi na bodi tupu ilisoma ngapi. Mistari miwili inatosha. Kila kundi libakize bodi moja bila kuchomelea hadi siku ya kuwasilisha, ikae mezani mbele ya wahadhiri. Na serikali yetu ya wanafunzi, ambayo muhula huu imepigania mashine ya chai na nikaipongeza, ipiganie maabara ya elektroniki ifunguliwe jioni angalau siku mbili kwa wiki. Mwanafunzi wa mwaka wa nne ana vipindi hadi saa kumi, na saa kumi na nusu mlango umefungwa. Vifaa vile vilinunuliwa vitumike.

Bodi zetu tatu tupu bado ninazo. Moja nimeiandika kwa kalamu ya wino mzito "pF 230" na kuiacha kwa fundi wa maabara, yeyote anayetaka kujaribu kipimo chake ajaribu kwayo kwanza aone kama atapata tulichopata. Oda za mwaka huu zinatumwa wiki ya tatu ya muhula. Kama kundi lenu limeshachora bodi, fungueni ule mchoro wa matabaka leo.