MAONI: Ukiacha nyama, dada, chunga damu yako

Ukipitia TikTok siku hizi utaambiwa kwamba ukiacha nyama, maziwa na mayai, ngozi itang'aa, tumbo litashuka na maumivu ya hedhi yataisha. Sina neno na anayeacha. Mlo wa mimea pekee, ukipangwa vizuri, unaweza kumtosha mwanamke hata akiwa mjamzito. Kasheshe iko kwenye hilo "ukipangwa vizuri", ambalo video hizo huliruka.

Kila mwezi unapoteza damu, na damu huondoka na madini ya chuma. Ndiyo maana wataalamu wa lishe wa Marekani humshauri mwanamke wa miaka 19 hadi 50 apate miligramu 18 za chuma kwa siku, ilhali mwanamume humtosha 8. Kwa hivyo mpenzi wako akikuambia "mbona mimi niliacha nyama na niko fiti", mwache na ufiti wake. Yeye halipi deni hilo la kila mwezi.

Chuma kimo kwenye ndengu, maharagwe, kunde na terere, ila mwili hukifyonza kwa shida kuliko kile cha nyama. Na hapo ndipo sisi Wakenya hujimaliza: githeri mezani, chai kando. Chai hukinasa chuma hicho kabla hakijaingia mwilini. Kunywa chai yako bana, hakuna anayekunyang'anya, ila ngoja kama saa moja baada ya kula. Kamulia ndimu kwenye ndengu, au malizia na chungwa au pera. Vitamini C husaidia chuma kufyonzwa.

Vitamini B12 nayo hupati kwenye mimea, hata ule sukuma wiki shamba zima. Ikikosekana, damu hupungua, neva huharibika na vidole huanza kufa ganzi. Mwili huweka akiba yake kwa miaka, hivyo utajiona uko sawa kumbe inaisha. Unga wa pakiti huongezwa virutubisho kwa mujibu wa sheria tangu 2012, lakini ule wa poshomili mtaani mara nyingi hauna. Nunua tembe za B12.

Na kama mlo wako ni smuthi asubuhi na kachumbari jioni, huko ni kujinyima tu. Mwili ukikosa chakula cha kutosha unaweza kuzima hedhi, na mifupa ikaumia.

Wapo pia mabinti wasiojua hata neno vegani, ila nyama wanaiona Krismasi. Ugali sukuma leo, ugali sukuma kesho, na chai. Haya yanawahusu hata zaidi, maana wao hawakuchagua.

Ukiona uchovu usioisha, kizunguzungu au moyo kudunda ukipanda ngazi, usimeze tembe za chuma kwa kubahatisha. Kikizidi kina madhara. Pimwa himoglobini, na ukiweza feritini, kwa sababu akiba ya chuma huweza kuisha kabla himoglobini haijashuka. Na umwambie daktari unachokula.