Lumbesa ndani ya faili

Mkulima wa Katavi anaijua lumbesa: gunia lenye kilemba juu, linalolipwa kama gunia la kawaida. Tumeambiwa miaka yote dawa yake ni mizani. Mizani zimekuja, na lumbesa imehamia ndani ya faili.

Msimu uliopita niliombwa kuunganisha mizani ya kidijitali ya ghala moja hapa Mpanda na programu ya malipo niliyoiandika kwa Node.js, mtambo unaoendesha JavaScript kwenye seva. Waliouza mizani wakanipa moduli ya WebAssembly: msimbo uliokwisha kukompailiwa, bila chanzo chake. "Iko kwenye boksi lake," wakaniambia, "haiwezi kukudhuru."

Sibishi, teknolojia hii naipenda. Moduli za zamani za C++ zilinidai kompaila, Python na bando la kulia, halafu zikaendeshwa kwa mamlaka yote ya seva. Hii naibeba kwenye flashi, na haigusi diski wala mtandao mpaka niifungulie mlango. Hata mlango huo, WASI, nyaraka za Node zenyewe zinaonya usiutegemee kwa msimbo usiouamini.

Lakini boksi linamlinda nani? Seva. Mkulima halimjui.

Niliingiza 98.9, ikarudi 98. Nikaingiza 99.9, ikarudi 99. Nikaligeuza faili kuwa maandishi, nikaikuta amri yenyewe: i32.trunc_f64_s, inayokata desimali zote. Hakuna kirusi, hakuna data iliyoibwa, boksi ni zima. Ila kwa wastani kila gunia linapoteza nusu kilo. Kwenye magunia 200, kilo 100 zimeyeyuka. Iwe hila au uvivu, hasara ni ya mkulima.

Mizani ile ilikuwa na stika ya Wakala wa Vipimo. Stika iko kwenye chuma. Hesabu ilifanyika kwenye seva, baada ya stika.

Basi ninyi wenzangu mnaohubiri kwamba WebAssembly ni salama, malizieni sentensi: salama kwa nani? Moduli yoyote inayohesabu kilo au shilingi ya mtu ije na chanzo chake, tuisome, tuikompaili wenyewe, tulinganishe majibu. Asiyetaka akauze kwingine.

Ile niliirudisha. Nimeandika yangu, mistari 40. Mkulima akiuliza, namfungulia kompyuta tunaisoma pamoja.