Ngitili na Mikataba ya Kaboni

Mwaka 1986, Serikali ilipoanzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, sehemu kubwa ya mkoa huo ilikwisha kuwa uwanda mtupu. Tangu enzi ya mkoloni miti ilifyekwa ili kuwaangamiza mbung'o. Kisha mashamba ya pamba yakatanuka. Na katika miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ikawahamisha wananchi mbali na ngitili zao. Hili la mwisho halikuwa kosa la mkoloni.

Ngitili ni desturi ya Wasukuma. Masika yakianza, sehemu ya malisho hufungwa. Kiangazi kikikaza, hufunguliwa kwa ndama na ng'ombe dhaifu. HASHI iliiheshimu desturi hiyo, na maelfu ya hekta yakaota tena. Kule Kondoa, mwaka 1979, mifugo iliondolewa kwa amri. Nyasi zilirudi, lakini mfugaji alikuwa ameondoka na ng'ombe wake. Shinyanga nyasi zilirudi naye akiwapo.

Leo ardhi ya namna hiyo ina wanunuzi wapya. Nyasi zinazopumzishwa huotesha mizizi mirefu. Mizizi ikifa huwa mboji, na ndani ya mboji hukaa kaboni iliyovutwa kutoka hewani. Shamba lisilopinduliwa ovyo kwa plau, na ambalo mabua yake hayachomwi, huhifadhi vivyo hivyo. Lakini hazina hiyo hujengwa kwa miaka mingi, nayo yaweza kupotea upesi. Kwa sababu hiyo mnunuzi hutaka mkataba mrefu, utakaomfunga hata mtoto aliye darasa la kwanza.

Kanuni za biashara ya kaboni zimekuwapo tangu mwaka 2022, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji tangu 1999. Hata hivyo kanuni haijisomi yenyewe. Mtendaji anayepokea karatasi za Kiingereza na kuwaita wajumbe wachache watie sahihi, anaiuza ardhi ya watu wasiokuwapo. Mkataba na usomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, mwalimu akiwapo kufafanua hesabu: nani atapima udongo, kijiji kitapata fungu gani, na mwaka wa ukame ng'ombe watapelekwa wapi. Mfugaji asipojibiwa swali hilo la mwisho, ana haki ya kukataa kutia sahihi.