Nani Aliwaambia Tunataka Kubembelezwa?

Septemba 1944, ndani ya chumba cha chini cha jengo ambalo Gestapo walikuwa wameligeuza gereza mjini Zakopane, kusini mwa Poland, binti wa miaka 18 aitwaye Helena Błażusiakówna aliandika ukutani sala fupi: anamsihi mama asilie, anamwomba Bikira Maria asimwache. Mwaka 1976 mtunzi Henryk Górecki aliyatia maneno hayo katikati ya Simfoni yake ya Tatu, baina ya maombolezo ya kale ya Maria kwa mwanawe na wimbo wa kienyeji wa mama anayemtafuta mwanawe aliyeuawa. Rekodi ya simfoni hiyo aliyoiimba mwimbaji Dawn Upshaw ilitoka mwaka 1992. Redio za Uingereza zikaishika ile sehemu ya katikati, zikairudia na kuirudia, na rekodi ikauzwa zaidi ya nakala milioni moja. Leo sala ya yule mfungwa utaikuta katika orodha za muziki wa kupumzikia, pamoja na vipande vya kumsindikiza mtu bafuni na kitandani.

Jambo hilo linaniudhi, na sitalaumu wasikilizaji. Nalaumu imani iliyokaa vichwani mwa wanaoendesha stesheni za muziki wa klasiki, na vichwani mwa wasiozisikiliza pia: kwamba anayefungua redio kutafuta Beethoven au Mahler anataka kutulizwa. Apewe kitu laini, kifupi, cha taratibu. Asishtuliwe. Asisubirishwe. Imani hii imeenea hata huku kwetu, ambako muziki huu wengi huukuta kwenye simu wakati wa kusubiri kuunganishwa na huduma kwa wateja, au kwenye ukumbi wa hoteli, ukichezwa chini chini ili usimzuie mtu kuzungumza.

Uingereza ndiko imani hiyo ilikopewa masafa na bajeti. BBC ilianzisha Third Programme mwaka 1946, ikazaa Radio 3 mwaka 1967, na kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa nyumba ya muziki huu nchini humo. Septemba 1992 ikaja Classic FM, stesheni ya kwanza ya kibiashara kurusha matangazo nchi nzima. Mimi si miongoni mwa wanaoidharau. Ilithibitisha kwamba muziki huu una mamilioni ya wapenzi ambao hawakuwahi kujiona wamealikwa, na hadi leo wasikilizaji wake kwa wiki ni karibu maradufu ya wale wa Radio 3. Lakini pamoja na mlango huo mpana ulikuja ujumbe uleule kila saa: tulia, pumzika, sahau ya dunia. Mwaka 2024 Classic FM iliongeza chaneli iitwayo Classic FM Calm. Mwaka huohuo Radio 3, stesheni ya umma inayolipiwa na ada ya wananchi ili ifanye yale ambayo soko haliyafanyi, ikafungua ya kwake: Radio 3 Unwind. Washindani wawili waliotakiwa kutofautiana wakawa wanauza kitu kimoja.

Mkurugenzi wa vipindi akiulizwa, jibu analo tayari: wasikilizaji wenyewe wametuambia kwamba wanasikiliza ili wapumzike. Sikatai kwamba wamesema. Nakataa maana anayoipa kauli yao. Shabiki anayekwenda Uwanja wa Mkapa Jumamosi naye anakwenda kupumzika baada ya wiki ya kazi, na hajatokea kocha aliyehitimisha kwamba basi mchezo upunguzwe kasi na mabao yafungwe kwa upole. Mtu aliyechoka hupumzika kwa kuingia ndani ya jambo kubwa kuliko kazi yake na madeni yake. Ukimnyima ukubwa huo umemnyima mapumziko yenyewe.

Tazameni wanavyofanya wasikilizaji wanapoachiwa nafasi. Tangu 1996 Classic FM imekuwa ikiwapa kura kila mwaka wachague kazi wanazozipenda, na matokeo hutangazwa siku za Pasaka. Ni kweli kwamba kazi tulivu ya Vaughan Williams ya fidla na okestra, The Lark Ascending, imeshika nafasi ya kwanza mara nyingi. Lakini shukeni chini kidogo kwenye orodha hiyo. Konserto ya Pili ya piano ya Rachmaninov imeshinda mara kadhaa, kazi ya mtu aliyetoka kwenye miaka ya kuvunjika moyo kiasi cha kushindwa kutunga, naye akamtunukia kazi hiyo daktari aliyemtibu. Simfoni ya Tisa ya Beethoven imo juu mwaka baada ya mwaka, pamoja na kwaya yake yote na dakika zake zaidi ya 60. Simfoni ya Sita, ile ya mashambani, imo juu pia, na ndani yake mna ngurumo na radi. Watu hawakupigia kura dakika nne za Simfoni ya Sita. Walipigia kura simfoni. Kisha Pasaka inapita na wanarudishiwa vipande.

Kuna ushahidi mwingine ambao kura haiwezi kuutoa, maana kura ni bure. Novemba 1974 stesheni ya WNCN ya New York, iliyokuwa ikipiga muziki wa klasiki, iligeuzwa kuwa ya roki na kupewa jina jipya, WQIV. Hesabu ya mwenye stesheni ilieleweka: wapenzi wa Bach ni watu wapole na wa umri, watanung'unika halafu watanyamaza. Hawakunyamaza. Waliunda chama cha wasikilizaji, wakachangishana, wakaajiri mawakili, na mwaka 1975 stesheni ikauzwa kwa mmiliki mwingine na kurudi kwenye muziki wake. Chicago nako, wasikilizaji wa WEFM walikuwa wamekwenda mahakamani kwa sababu hiyohiyo, na mwaka 1974 mahakama ya rufaa ikasema tume ya mawasiliano ya Marekani haiwezi kuruhusu stesheni ya aina hiyo ipotee bila kusikiliza hoja za umma. Mvutano huo ulifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1981 majaji saba dhidi ya wawili waliamua kwamba tume inayo haki ya kuliachia soko suala la aina ya muziki. Jaji Thurgood Marshall, akiungwa mkono na jaji mwenzake Brennan, alipinga. Mwishoni mwa 1993 WNCN ikarudi kuwa ya roki, na safari hiyo hapakuwa na mahakama ya kukimbilia.

Wasikilizaji walishindwa, lakini nataka tuangalie walichokuwa wakikitetea. Hakuna aliyechanga fedha za wakili kwa miaka kwa ajili ya kitu cha kumletea usingizi. Utulivu unapatikana popote, hata kwa kuzima redio. Watu wale walikuwa wakipigania mojawapo ya mahali pachache mjini mwao ambapo opera nzima, simfoni nzima, iliweza kuingia nyumbani bila kulipa kiingilio.

Na kama kuna hadhira ambayo imani hii ingeitaka ibembelezwe, ni ile ya Leningrad mwaka 1942. Mji ulikuwa umezingirwa na majeshi ya Ujerumani tangu Septemba ya mwaka uliotangulia. Watu walikufa kwa njaa kwa maelfu. Okestra ya redio ya mji ilikuwa imepukutika. Waliobaki hawakuwa na pumzi ya kupuliza tarumbeta, na nafasi za waliokufa zikajazwa na wanajeshi waliojua kupiga. Tarehe 9 Agosti, chini ya uongozi wa Karl Eliasberg, wakaipiga Simfoni ya Saba ya Shostakovich, kazi ya zaidi ya saa moja yenye vita ndani yake, ngoma ya majeshi yanayosonga ikikua hadi inatisha. Ilirushwa redioni na kwenye vipaza sauti vya barabarani. Mizinga ya Wasovieti ilikuwa imetangulia kuwanyamazisha maadui ili isikike hadi mwisho. Waliosikiliza walikuwa na kila sababu ya kuhitaji kitu laini, na wakachagua kuuona uchungu wao ukipewa umbo na sauti mbele yao.

Sisi wa pwani hatuna haja ya kwenda Urusi kutafuta mfano. Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, katika msimu wake wa maonyesho, redio ya Cairo ilimrusha mwimbaji Umm Kulthum moja kwa moja, na wimbo mmoja uliweza kuchukua saa nzima kwa sababu hadhira ilidai mstari urudiwe, naye akaurudia kila mara kwa njia nyingine. Waliosikiliza kuanzia Casablanca hadi Baghdad walikuwa madereva, wauza duka, wakulima. Wazee wa Unguja na Mombasa waliokulia kwenye ganuni na fidla za taarab waliielewa subira hiyo, kwa kuwa klabu ya taarab ya Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1905, ilijengwa juu ya muziki uliotoka Misri. Aliyewahi kukaa kwenye taarab ya namna hiyo anajua kwamba utamu umo katika kungoja. Hakuna mtangazaji aliyeona ni hekima kumkatisha Umm Kulthum dakika ya nne ili asiwachoshe.

Nakuja sasa kwenye ufundi, maana hapa imani inageuka kisu. Simfoni ya Tano ya Beethoven ina sehemu nne, lakini ya tatu na ya nne hazina mpaka: muziki unanyong'onyea hadi unabaki mdundo wa ngoma tu na nyuzi zinazonong'ona, halafu unafunguka kwa kishindo. Katika kishindo hicho ndipo tromboni zinapolia kwa mara ya kwanza. Wapigaji wake wamekaa jukwaani kimya tangu mwanzo. Stesheni inayorusha sehemu ya nne peke yake inampa msikilizaji ushindi usio na vita. Mahler naye: Adagietto ya Simfoni yake ya Tano, ambayo Leonard Bernstein aliiongoza kwenye mazishi ya Robert Kennedy mwaka 1968, hupigwa kila wiki kama muziki wa majonzi matamu, kisha yanafuata matangazo ya bima. Ni wangapi wamewahi kuambiwa kwamba sehemu inayofuata inauchukua wimbo uleule na kuukimbiza kwa furaha? Mahler alitaka tuyasikie mambo hayo mawili yakifuatana.

Hata kazi inapopigwa nzima, mitambo ya stesheni nyingi huibana sauti: penye ukimya huinuliwa, penye ngurumo hushushwa, ili mwenye gari asiguse kitufe. Chukua Bolero ya Ravel, kazi ya 1928. Kwa karibu robo saa wimbo haubadiliki. Kinachokua ni nguvu, kutoka ngoma isiyosikika vizuri hadi okestra nzima ikipiga kelele. Ukiibana, kazi hiyo inakufa, kwa kuwa haina kingine ndani yake isipokuwa huko kukua.

Kipimo cha utulivu pia huwafungia nje watunzi wengi, na Waafrika ni wa kwanza kuachwa. Fela Sowande wa Nigeria alitunga African Suite mwaka 1944, na sehemu yake ya mwisho, Akinla, ni muziki wa dansi wa hailaifu uliovishwa okestra ya nyuzi. Redio ya CBC ya Canada iliitumia kwa miongo kufungulia kipindi cha Gilmour's Albums, na wasikilizaji wa huko wakaipenda. Ni muziki wa kumwinua mtu kitini, kwa hiyo chaneli za kutuliza hazina nafasi nayo.

Najua hoja itakayofuata, na naiheshimu: mgeni hawezi kuanza na saa nzima ya Mahler, aanze na kidogo. Sawa. Robert Newman alifikiri hivyohivyo alipoanzisha matamasha ya Proms mjini London mwaka 1895. Aliwaanzishia watu nyimbo walizozijua, tiketi rahisi, na kila msimu akawapandisha kidogo. Tofauti ni kwamba Newman alikuwa na mahali pa kuwapeleka. Leo wazao wa hadhira ile husimama kwa miguu, zaidi ya saa nzima, ndani ya Royal Albert Hall, wakisikiliza simfoni kamili, na Radio 3 huyarusha matamasha hayo yote moja kwa moja. Chaneli ya kutuliza humpokea mgeni leo na kipande cha dakika nne, na miaka kumi baadaye bado inampa dakika nne, kisha inatumia kubaki kwake kama ushahidi kwamba hakutaka zaidi.

Kwa hiyo, wakuu wa stesheni, jaribuni jambo moja. Pigeni Simfoni ya Sita ya Beethoven nzima saa moja jioni, watu wakiwa wamekwama kwenye foleni, wala msiisubirishe hadi saa tano usiku. Mtangazaji aeleze kwa dakika moja kwamba radi itapiga kuelekea mwisho na kwamba wimbo wa shukrani wa wachungaji utatoka ndani ya dhoruba hiyohiyo. Iacheni radi kwa sauti yake halisi, na matangazo ya biashara yangoje dakika 40. Fanyeni hivyo kila siku kwa msimu mmoja, kazi tofauti kila jioni, Sowande na Górecki wakiwemo, halafu ndipo mtuulize tena tunataka nini.