Shilingi moja ya kila kilo

Ndugu zangu wa mikoa ya korosho,

Mliokula chumvi nyingi mnaikumbuka miaka ya themanini. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho. Ilipofika 1986/87 zilibaki kama tani 16,500. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini wakaacha mashamba, bei ikaanguka, na juu ya hayo ukaja ubwiriunga: ule unga mweupe unaofunika majani machanga, ua likasinyaa na kuwa jeusi kabla halijashika korosho. Watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, ndio waliotupimia salfa, kiasi gani na mara ngapi, wakatufundisha kupuliza alfajiri umande ungali juu ya majani na upepo umetulia. Fedha za kazi ile zilitoka pia nje, zikiwemo za Uingereza.

Sasa tuna adui mwingine. Mwaka 2012, katika kijiji cha Magawa, Mkuranga, mikorosho ilianza kukauka ikiwa imesimama. Huo ni mnyauko fuzari. Kuvu wake anaishi ardhini, anaingilia mizizini, na salfa ya juu ya majani haimfikii. Mti aliopanda babu unaanza kunyauka tawi moja, kisha upande mzima. Ukikata shina unakuta michirizi ya kahawia ndani.

Mwaka jana binti mmoja mtafiti alifika shambani kwetu. Alichota udongo chini ya mkorosho unaokufa, akautia kwenye mifuko ya nailoni na kuandika namba juu ya kila mfuko, taratibu, kama anayeandika majina ya watoto. Bodaboda alijilipia mwenyewe. Nilipomuuliza majibu tutayapata lini, alinyamaza kwanza. Sampuli ziko kwenye friji, alisema, ila vitendanishi vya kusomea vinasaba vya kuvu hana fedha ya kuvinunua. Ameandika maandiko manne ya kuomba ruzuku. Kila mfadhili anataka kwanza aone ruzuku aliyowahi kuisimamia na makala alizochapisha. Hiyo ya kwanza ataitoa wapi?

Mjini Khartoum, Januari 2006, Umoja wa Afrika ulikubaliana kila nchi itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Tuna Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia, MTUSATE, chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Wabunge wetu tuwadai ahadi hiyo kila bajeti inapojadiliwa Dodoma. Lakini kuvu hasubiri bajeti.

Ninaomba tukubali kukatwa shilingi moja kwa kila kilo inayouzwa mnadani, iwe ruzuku ya watafiti chipukizi wa mazao yetu na wadudu na magonjwa yake. Najua neno makato linatuuma, na wengi hatujui yanakoishia. Kwa hiyo shilingi hii iwe na akaunti yake, hesabu zisomwe kwenye mkutano mkuu wa chama cha ushirika, isilipe posho wala semina. Mavuno kama ya 1973/74 yangetoa shilingi milioni 145 kwa msimu, na siku hizi tunavuna zaidi ya hapo. Hiyo inatosha kuwapa vijana tisa milioni 15 kila mmoja, na milioni 10 zikabaki za kusimamia na kukagua.

Masharti yawe machache. Mwombaji awe hajawahi kuongoza mradi wenye ruzuku. Swali lake litoke shambani. Na akimaliza arudi kutueleza alichokiona, kwa Kiswahili, chini ya mkorosho, hata kama jibu ni kwamba alichojaribu hakikufaa. Jibu hilo nalo litatuokolea fedha ya kununua dawa isiyotibu.

Ninyi mlioko Dar es Salaam na kwingineko msiouza hata kilo, makundi yenu ya WhatsApp hukusanya mamilioni ya harusi ndani ya mwezi mmoja. Mnajua namna ya kuunda kamati, kuteua mweka hazina na kukumbushana ahadi. Undeni kamati moja kwa ajili ya vijana hawa watafiti.

Wanachama wa AMCOS, vyama vyetu vya msingi vya ushirika, pelekeni ajenda hii kwa makatibu wenu kabla minada haijafunguliwa, ipigiwe kura mbele ya kila mtu. Mimi nimeshapeleka barua kwenye chama chetu. Nimeambatanisha orodha ya mikorosho sita iliyokauka, na umri wa kila mmoja.